Darasa la mwisho karibu na tangi la maji: kisa cha kipindi cha dini katika shule moja ya kata jijini Mwanza

Katika shule moja ya sekondari ya kata iliyojengwa kwenye vilima vya mawe wilayani Nyamagana, jijini Mwanza, vipindi viwili vya mwisho vya siku ya Alhamisi vimetengwa kwa ajili ya dini. Kengele inapolia, wanafunzi Wakatoliki hukusanyika katika darasa la kidato cha tatu kumsubiri katekista anayetumwa na parokia, Wasabato huingia maabara, waumini wa AIC (Kanisa la Africa Inland) na Walutheri hukaa pamoja kwa sababu wachungaji wao wamekubaliana kupokezana zamu, Wapentekoste hukaa chini ya mti, na Waislamu huenda darasa la mwisho, karibu na tangi la maji. Shule na wahusika sitawataja majina, kwa kuwa watoto bado wanasoma na kwa kuwa jambo lenyewe lingeweza kutokea katika shule nyingi za kanda ya ziwa. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mmoja wa masomo, darasa lile la mwisho halikuwa na mwalimu, na kila mtu mzima aliyehusika aliamini kwamba wajibu wa kumpata mwalimu huyo ulikuwa wa mtu mwingine.

Kwa jina mwalimu alikuwepo. Alikuwa ustadh wa madrasa ya mtaa wa jirani, kijana aliyesoma vizuri, mwenye cherehani yake eneo la Makoroboi, ambaye alikubali kwa hiari kufundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, EDK kama inavyoitwa shuleni, bila posho na bila nauli. Kazi za ushonaji zilipokuwa chache alifika kila wiki. Zilipoongezeka, hasa kuelekea Idi, alikosekana wiki mbili au tatu mfululizo, kwa sababu mchana ule ndio uliompatia chakula cha usiku. Mwalimu wa zamu, alipoona darasa zima limekaa bila kazi na kelele zimeanza, aliwatoa nje wafagie uwanja na kuchota maji ya vyoo. Pamoja nao walifagia wanafunzi wengine wachache ambao hawakuwa na kundi lolote, watoto wa familia za Kisukuma zinazofuata mila za wazee na zisizokwenda kanisani wala msikitini, ambao kwenye fomu ya kujiunga na shule waliandikwa Wakristo kwa sababu tu nafasi ile haikutakiwa kubaki wazi.

Binti mmoja alimweleza mama yake, na maneno yaliyofika msikitini kesho yake, siku ya Ijumaa, yalikuwa mafupi: watoto wa Kiislamu wanafagizwa wakati wenzao wanasoma dini. Yalikuwa ya kweli, ingawa hayakuwa kweli yote. Kabla hasira haijapoa likaja jambo la pili. Wanafunzi wa kidato cha tatu wasiofika ishirini waliomba kwamba mwakani EDK iwe miongoni mwa masomo watakayosajiliwa katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na mkuu wa shule akakataa.

Sababu zake zinastahili kusikilizwa, maana hakuwa mtu mwenye chuki. Alisema kwamba shule haina mwalimu aliyeajiriwa anayeweza kutunza na kusaini alama za maendeleo za somo hilo. Alisema pia kwamba watahiniwa wasiofundishwa watafeli na kushusha wastani wa shule, ambao ofisi za elimu huutazama kila matokeo yanapotoka. Kisha akasema kwamba somo lenyewe halitawasaidia mbele ya safari. Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyowachoma wazazi zaidi, na ndiyo inayohitaji kupimwa kwa utulivu. Ni kweli kwamba vyuo vingi vya kati nchini hutaka mwombaji awe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kwa hiyo alama ya EDK au ya Maarifa ya Biblia haimfungulii mtu mlango huo. Hata hivyo, daraja la kidato cha nne hupangwa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na mwanafunzi anayeelea kwenye pointi 26, mwanzo wa daraja la nne, anaweza kuvuka kwenda daraja la tatu kwa somo moja alilolielewa kwa sababu linafundishwa kwa lugha anayoiota usiku. EDK hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili. Kwa mtoto wa shule ya kata aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili akaingia kusoma Fizikia na Historia kwa Kiingereza, jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko anavyodhani mtu aliyesoma shule zenye maktaba.

Ipo sababu nyingine ambayo mkuu wa shule hakuitamka kikaoni lakini iliyokuwa wazi kwa kila aliyeishi huku. Mwaka 2013 mgogoro wa nani ana haki ya kuchinja wanyama wa kitoweo, Waislamu au Wakristo, ulizuka mikoa ya Mwanza na Geita, na huko Buseresere mchungaji mmoja aliuawa. Tangu hapo, kiongozi yeyote wa taasisi ya umma anaposikia maneno Waislamu na Wakristo katika sentensi moja ya malalamiko, hutamani jambo lizimwe kabla halijaanza. Naielewa hofu hiyo. Lakini katika shule hii hofu hiyo iligeuka kuwa njia ya kutosikiliza, na dai dogo la mwalimu wa Alhamisi likapewa sura ya fujo ambayo hakuna mzazi aliyekuwa ameifikiria.

Kikao cha kwanza kilivunjika juu ya neno moja la kisheria. Mkuu wa shule alisema nchi yetu haina dini, na kwa hiyo shule ya serikali haiwezi kumtafutia mtu mwalimu wa dini. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema hivyo kuhusu nchi, na ibara ya 19 inaeleza kwamba kufanya ibada na kueneza dini ni jambo huru la hiari ya mtu, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ndiyo maana, kwa utaratibu uliozoeleka, kila dhehebu hutafuta walimu wake wa dini na kuwapeleka katika shule za serikali. Mpaka hapo alikuwa na haki. Lakini ibara ya 13 ya Katiba hiyohiyo, inapoeleza ubaguzi, haitaji dini peke yake. Inataja kabila, pahala mtu alipotoka, jinsia na hali ya maisha. Mtoto aliyefagia uwanja hakunyimwa kipindi kwa sababu ni Mwislamu, kwa kuwa kipindi alikuwa nacho kwenye ratiba. Alikosa mafunzo kwa sababu jumuiya yake katika mtaa ule haikuwa na fedha za kumlipia mtu nauli ya daladala, ilhali parokia ilikuwa nazo. Serikali ikigawa ruhusa kwa usawa na kuacha gharama kwa kila jumuiya, tofauti za kipato zilizoko mtaani huingia darasani kwa mlango wa mbele, na mwalimu wa zamu anazigeuza kuwa mgawanyo wa fagio bila yeye mwenyewe kukusudia.

Umaskini huo wa jumuiya una historia, na historia hiyo iko pwani ya ziwa hilihili. Uislamu ulifika kusini mwa Ziwa Viktoria pamoja na misafara ya biashara kutoka Tabora, na msafiri Mzungu, Stanley, alipofika Kageye mwaka 1875 aliwakuta wafanyabiashara wa Kiislamu wamekwisha kutangulia. Wamisionari Wakatoliki waliweka kituo chao Bukumbi mwaka 1883. Waliotangulia hawakuwa na taasisi ya kugharimia shule, na vyuo vya Qur'ani vilivyofuata vilitegemea baraza la nyumba ya mwalimu mmoja na ada ndogo ya wazazi, wakati wamisionari waliofuata walijenga shule, zahanati na baadaye vyuo. Wakati wa ukoloni wazazi wengi wa Kiislamu waliwazuia watoto wao kwenda shule za misheni wakihofia watabatizwa, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1945 na kusaidiwa na Aga Khan, ilijaribu kuziba pengo kwa kujenga shule, lakini ilipigwa marufuku nchini mwaka 1968, mwaka uleule lilipoundwa Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, BAKWATA. Kisha kukaja utaifishaji wa shule za madhehebu karibu na mwaka 1970, ambao uliwafungulia watoto wote milango, na ambao kwa maoni yangu ulikuwa tendo kubwa la haki. Mzazi mmoja alikumbusha pia makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya, ambayo Waislamu wengi huyaona kuwa upendeleo kwa makanisa, na ukumbi ukawa mzito. Lalamiko hilo ni la kweli kwa wengi na linapaswa kujadiliwa penye uwezo wa kulijibu. Katika chumba kile, hata hivyo, halingeweza kuleta mwalimu Alhamisi inayofuata, na ninamshukuru imamu aliyelisema hilo mbele ya watu waliotaka aseme kinyume.

Suala ambalo lilikuwa karibu kupita bila kutajwa ni la wasichana. Siku ya Ijumaa wavulana Waislamu wa shule ile huruhusiwa kwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa, na huko husikia khutba, hukaa kidogo na wazee, na huuliza maswali. Wasichana wengi hubaki shuleni. Jioni, kaka zao wakienda madrasa, mabinti waliofikia umri wa sekondari huwa wamekwisha kuacha, kwa sababu wanasubiriwa nyumbani kupika, kuchota maji na kulea, au kuanika dagaa pamoja na mama zao. Kwa hiyo vile vipindi viwili vya Alhamisi, ambavyo kwa mvulana ni nyongeza, kwa msichana vilikuwa ndiyo elimu yote ya dini yake aliyobakiwa nayo. Aliyelileta jambo hili kikaoni ni mwalimu wa malezi, mwanamke Mkristo, na wazee walinyamaza kwa muda kabla ya mmoja wao kusema kwamba hakuwahi kulitazama hivyo. Katika kisa chote, naona hapa ndipo dhuluma ilipokuwa nzito zaidi, na ilikuwa imejengwa na shule, msikiti na nyumba kwa pamoja.

Nilihudhuria kikao cha pili kama mzazi. Kilipoanza, ilionekana wazi kwamba hata neno Waislamu lilikuwa linaficha watu wengi. Sensa za nchi hii hazijauliza dini tangu mwaka 1967, na katika mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.6, ni rahisi kwa mtu aliye nje kudhani kwamba Waislamu ni kundi moja lenye sauti moja. Katika darasa lile la mwisho walikaa watoto wa Kisukuma, Kinyamwezi na Kiha, Wamanyema ambao babu zao walitoka Ujiji, Wahaya kutoka ng'ambo ya ziwa, na binti mmoja mwenye asili ya Yemeni. Wazazi wengine ni watu wa maulidi na twarika, yaani njia za Kisufi, wengine ni Ansari Sunna wanaoona maulidi ni uzushi. Mara mkuu wa shule alipolegeza msimamo, baba mmoja alisimama kusema kwamba hatamruhusu mwanawe afundishwe na ustadh anayesoma maulidi, na kwa muda ugomvi ukawa wa Waislamu wenyewe, viongozi wa parokia wakitazama. Kilichouzima ni muhtasari wa somo. EDK ina muhtasari unaotumika nchi nzima, na mwalimu anapaswa kuufuata kama anavyofuata wa Jiografia, mapokeo yake mwenyewe akiyaacha barazani. Sheikh wa kata aliusoma kwa sauti, mada kwa mada, na baba yule akakubali kwamba hakukuwa na lolote la kukataa.

Usomaji huo wa muhtasari ulifanya kazi ya pili ambayo hakuna aliyeipanga. Mada ya kwanza ya kidato cha kwanza katika muhtasari ule ilikuwa mtazamo wa Uislamu juu ya elimu, na humo mwanafunzi alifundishwa kwamba elimu haigawanywi kuwa ya dini na ya dunia, na kwamba kuitafuta ni wajibu wa mwanamume na mwanamke. Katekista, mzee mstahiki aliyefundisha miaka mingi Sengerema, aliuliza kwa adabu kama somo hili huwafundisha watoto chochote kuhusu jirani asiye Mwislamu. Ustadh alimjibu kwa kisa cha mateka wa Badri, ambacho vitabu vya sira vinakisimulia: baada ya vita vile vya mwaka wa pili wa Hijra, mateka wa Makka waliojua kusoma na hawakuwa na mali ya kujikomboa waliachiwa huru kwa sharti kwamba kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika. Walimu wale walikuwa washirikina na jana yake tu walikuwa wameshika silaha. Kisha akataja aya ya nane ya sura al-Maida, inayowaamuru waumini wasiache chuki ya watu iwafanye wakaacha uadilifu, na ya 135 ya sura an-Nisaa, inayowaamuru wasimamie haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao, awe anayehusika ni tajiri au maskini.

Hapo imamu aliuliza swali ambalo kwangu ndilo moyo wa kisa hiki: wale watoto wengine waliofagia pamoja na wetu, nani anawasemea? Kwa juma kadhaa msikiti ulikuwa umelalamika kwa niaba ya Waislamu tu, na aya iliyokuwa imesomwa punde ilikuwa haimruhusu mtu kuishia hapo. Watoto wa familia za mila hawakuwa na imamu, paroko wala kamati. Katika ratiba walihesabiwa Wakristo, uwanjani wakahesabiwa nguvu kazi. Baadhi ya wachungaji waliokuwepo walipendekeza wagawanywe katika makundi yaliyopo, na baadhi ya Waislamu wakaona wivu kwamba wangeenda kanisani wote. Imamu alipinga, na hoja yake ilikuwa kwamba hakuna kulazimishana katika dini, na kwamba mtoto anayepelekwa darasa la dini kwa sababu hana pa kukaa amelazimishwa kama aliyeshikwa mkono. Somo la haki linalomtetea mwenye dini yako peke yake halijafika kwenye aya lilikotoka, na ninaamini kwamba wanafunzi wa EDK waliosimuliwa mjadala huu walijifunza zaidi kuliko katika vipindi vingi vya kunukuu ubaoni.

Makubaliano yalikuwa ya kawaida kabisa. Mwalimu wa Kiswahili aliyeajiriwa na serikali, Mwislamu aliyewahi kusoma somo hilo mpaka kidato cha sita, alikubali kuwa msimamizi wa EDK, kutunza alama za maendeleo na kuziba nafasi ustadh anapokosa. Kamati ya msikiti na wazazi walichangishana nauli na posho ndogo, inayotolewa kila mwisho wa mwezi na kusainiwa kwenye daftari linalobaki ofisi ya taaluma. Mwalimu wa zamu alikatazwa kutoa kazi za usafi katika vipindi vya dini kwa kundi lolote, hata likikosa mwalimu, na mkuu wa shule aliandika agizo hilo kwa mkono wake. Wanafunzi wasio na kundi walipewa kipindi cha unasihi na yule mwalimu wa malezi, na fomu ya kujiunga ikaongezewa nafasi ya mzazi kuandika kwamba familia haina dhehebu. Waliotaka kusajiliwa EDK walisajiliwa baada ya kufanya jaribio la majuma sita lililotungwa na walimu wawili hao, na wachache walioshindwa waliambiwa sababu mbele ya wazazi wao na kuonyeshwa karatasi zao.

Mkuu wa shule alinishangaza zaidi ya wote. Alikuwa Msabato, na aliposikia maelezo kuhusu wavulana na swala ya Ijumaa alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyohangaika chuoni mitihani ilipopangwa Jumamosi. Hakubadili maoni yake kuhusu serikali na dini, wala sikuona sababu ya kumtaka abadili. Alitofautisha tu, kwa mara ya kwanza, kati ya serikali kufundisha dini na shule kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayeadhibiwa kwa umaskini wa jumuiya yake.

Mambo mawili bado hayajakaa sawa. Daftari la posho linategemea kamati ya msikiti iliyopo, na kamati hubadilika. Mwalimu wa Kiswahili naye anaweza kuhamishwa kwa barua moja, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba atakayekuja badala yake atarithi usimamizi wa EDK. Wazazi wameiandikia ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri wakiomba kwamba kila shule iandike katika ratiba yake, mbele ya kila kundi la dini na mbele ya wanafunzi wasio na kundi, jina la mwalimu aliyeajiriwa anayewajibika kwao katika vipindi hivyo viwili. Ombi hilo halidai fedha mpya wala halimtaki mwalimu huyo afundishe imani asiyoiamini. Barua imesainiwa na imamu, katekista, mchungaji wa AIC, na bibi mmoja kutoka upande wa Buhongwa anayemlea mjukuu asiye na kundi, ambaye aliweka dole gumba.